Namba Nne, Namba Saba na Kibanda

Oktoba 14, 1873. Ngome ya Tolliver, Dakota

Tumefika leo asubuhi, siku ya tisa tangu tuiache reli, na kila jiwe la njiani nimelisikia kiunoni. Kaka yangu Asa, ambaye ni Kapteni Brundage kwa kila mtu isipokuwa mimi, alishuka garini, akanyoosha koti, akaenda kuripoti kwa kanali hata uso hajanawa. Binti yake Winnie amekohoa njia nzima. Ana miaka sita na kifua cha bibi kizee.

Nimeanza daftari hili kwa sababu hapa sina wa kuteta naye, na mwanamke wa miaka thelathini na minane asiye na mume, akikosa wa kuteta naye, atapasuka.

Oktoba 15

Tumechagua nyumba. Jeshini nyumba si ya aliyemo. Ofisa mpya akifika humtoa yeyote aliye chini yake kwa cheo, na aliyetolewa humtoa wa chini yake, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Wake wa maofisa wanaita jambo hili matofali. Ukilisukuma la kwanza, yote yanalala.

"Chagua wewe, Philena," Asa aliniambia. "Wewe ndiye utakayeshinda ndani."

Namba moja hadi tatu ni za wakubwa. Namba tano ni ya daktari na wagonjwa wake, na namba sita ndipo wanapokula chakula maofisa waseja. Nikabaki na mbili: namba nne na namba saba. Namba saba ni ndogo, imesimama mwisho kabisa ikipigwa na upepo wote wa kaskazini. Namba nne ina jiko kubwa la chuma, madirisha mawili ya kusini na kuta zisizo na ufa. Nikasema, hii.

Ndani yake walikuwamo Luteni Oren Sayles na mkewe Lucetta, msichana wa miaka ishirini, ameolewa mwaka jana tu. Alinionyesha chumba cha kulala. "Chokaa ya pembe ile haijakauka," alisema. "Nimepaka juzi. Msiegemeze kitanda hapo." Nikamshukuru. Kwa kweli nilimwona mjinga kidogo, mtu anayetolewa nyumbani kwake naye akawa na wasiwasi juu ya kitanda cha anayemtoa.

Kabla ya tarumbeta ya jioni walikuwa wameshahamia namba saba, na luteni mseja aliyekuwa humo amekwenda kubanana na mwenzake. Baada ya namba saba hakuna nyumba tena, ila kibanda cha magogo nyuma ya mazizi, chenye paa la udongo, ambamo wanaweka matandiko ya farasi.

Sioni haya. Marian, mke wa Asa, alikufa kwa homa kule Texas akiwa ndani ya hema, akisubiri nyumba ambayo mwenye cheo aliichukua. Asa hasemi habari hiyo, lakini tangu siku ile hajawahi kuacha haki yake hata moja. Na Winnie anakohoa.

Oktoba 16

Winnie amelala usiku kucha bila kukohoa. Jiko ni zuri sana.

Oktoba 29

Theluji.

Novemba 3

Honora Geraghty amekuja kuchukua nguo. Ni mke wa sajenti, kutoka Ayalandi, anafua mashati ya kombania nzima na kuzalisha wanawake wote wa ngome. Ana mikono ya mchoma makaa na ulimi wa wembe.

"Bi Philena, nyumba mnaionaje?"

"Ina joto, namshukuru Mungu."

"Mshukuru na Bibi Sayles. Kila ufa wa humu kauziba yeye kwa magazeti na uji wa unga. Mimi ndiye niliyemshikia bakuli."

"Sheria ya jeshi sikuitunga mimi, Honora."

"Hukuitunga, bibi yangu. Umeikalia tu, na umekaa vizuri." Akafunga kitita chake. "Basi nikuambie, maana kesho wataniambia wengine. Ana mimba. Mwezi wa pili atajifungua, nami nitakwenda kumzalisha kwenye lile tundu la upepo."

Nilimkasirikia siku nzima. Kilichoniudhi ni kwamba nilikwenda ukutani, nikakwaruza chokaa kwa ukucha, na kweli nikakuta magazeti.

Novemba 19

Upepo.

Novemba 20

Upepo, na nyama ya chumvi.

Desemba 8

Zebaki ya kipimajoto imeganda. Nguo za Honora zimesimama zenyewe kwenye kamba kama kikosi kinachongoja kukaguliwa. Nimempelekea Lucetta supu, kwa kujilazimisha. Maji ya ndoo yake yana barafu ingawa ndoo iko hatua mbili tu kutoka kwenye jiko. Alikuwa akishona kofia ya mtoto ndogo kiasi cha kikombe. Akanicheka kwa jinsi ninavyoshika sindano, nami nikacheka. Nilikaa saa mbili.

Desemba 25

Tumewaalika akina Sayles. Kulikuwa na nyama ya nyati na makopo mawili ya mapichi niliyoyaficha tangu Oktoba. Oren Sayles ni kijana mpole mwenye masikio makubwa. Asa alimweleza kwa saa nzima kanuni za kulisha farasi kwenye baridi, naye akaitikia "Ndiyo, afande" kila mahali panapostahili. Lucetta alipopita chumbani aliigusa pembe yake ya ukuta. "Imekauka," akasema. Nampenda huyu msichana. Naandika mapema nisije nikajifanya nimesahau.

Januari 7, 1874

Oren amepelekwa mtoni na askari ishirini kukata kuni. Wiki mbili.

Januari 12

Meja Crowell alifika juzi na mke na mabinti wawili. Leo wamepita wakitazama nyumba. Mke wake aliweka kiganja juu ya jiko langu, akatazama madirisha ya kusini, nami nikajua kabla hajafungua mdomo. Wamechagua namba nne. Tuwe tumetoka Alhamisi saa sita mchana.

Honora alikuwa mlangoni na kitita cha nguo. Alingoja mpaka wageni walipoondoka. "Mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema, akaenda zake.

Sasa ni zamu ya Asa kuchagua, na aliye chini yake mwenye nyumba ni mmoja tu, Oren Sayles wa namba saba. Asiyetaka namba saba aende kibandani. Kanuni inasema kwamba ofisa asipoandika chochote, ofisa wa stoo atampa nyumba inayolingana na cheo chake bila kumuuliza.

Januari 13

Nimekwenda namba saba asubuhi. Tumbo la Lucetta liko chini sana. Alikuwa akikunja mashuka.

"Unafanya nini?"

"Nakunja polepole, nisije nikaharakishwa," alisema. "Nilipomwona yule mama anatazama madirisha yako, nikajua tofali linakuja. Dada Philena, usilie, utanifanya na mimi nilie, na Honora amenikataza."

Sikuwa najua kuwa ninalia.

Nikarudi nikamkuta Asa anafunga vitabu kwenye kasha lake. Nikamwambia twende kibandani sisi.

"Na Winnie?"

"Winnie atalala ubavuni kwangu. Tutaziba nyufa. Nimeshajifunza zinavyozibwa."

Alisugua mkono wake wa kushoto. Una vidole vitatu tu, viwili alivipoteza vitani, na akifikiri huvisugua visivyokuwapo. "Mke wa Sayles amebakiza muda gani?" akauliza.

"Wiki tatu. Honora anasema huenda ikawa chini ya hapo."

"Basi nitaiacha haki yangu," akasema. "Nitaandika."

Nilimbusu kichwani, jambo ambalo sijalifanya tangu tukiwa watoto. Akaketi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba yeye, Kapteni Brundage, anaiacha kwa heshima haki yake ya namba saba na kuomba kibanda. Akaipeleka barua ofisini kwa Luteni Pruitt, anayeshika makaratasi ya kanali. Nimejivunia ndugu yangu leo.

Januari 14

Barua imerudi. Luteni Pruitt ameirudisha saa kumi jioni na kikaratasi. Barua rasmi hukunjwa sehemu tatu. Hii imekunjwa nne. Tena muhtasari haukuandikwa mgongoni.

Nilidhani Asa atakasirika. Hakukasirika hata kidogo. "Ana haki," alisema. "Nilikuwa na haraka." Akachukua karatasi mpya, akapima kwa rula.

"Asa, nenda tu ukamwambie kanali. Nyumba yake ile pale."

"Kanali haambiwi mambo ya nyumba mlangoni, Philena. Wakifanya hivyo wote, ngome itakuwa soko."

Alipomaliza, ofisi ilikuwa imefungwa. Ataipeleka kesho asubuhi.

Januari 15

Naandika siku mbili baadaye, lakini naiweka chini ya tarehe yake.

Tulipoamka, dirisha lilikuwa jeupe tupu. Tufani ya theluji, ile wanayosema watu hupotea kati ya mlango na kisima. Asa aliifunga barua kifuani, akashika kamba iliyofungwa kutoka nyumba hadi nyumba, akaenda ofisini. Akaikuta imefungwa. Aliisukuma barua chini ya mlango, akarudi ndevu zimekuwa barafu.

"Iko ofisini," alisema. "Imefika kabla ya saa sita."

Saa sita upepo ulitulia kidogo. Nikasikia sauti za watu nje. Nikakwangua kioo, nikaona Sajenti Hauck, Mjerumani mkubwa wa stoo, na askari sita. Wanne walikuja kwetu kuchukua vitu. Wawili walikwenda namba saba, na walipotoka walikuwa wamebeba kitanda cha Lucetta. Nyuma yao alikuja Lucetta mwenyewe, ameshika kamba kwa mkono mmoja na mwingine chini ya tumbo, na Honora nyuma yake akimfunika kwa blanketi ambalo upepo ulikuwa ukilipokonya.

"Asa," nikasema. "Wanamhamisha."

Akaja dirishani. Aliona kila kitu nilichokiona.

"Sajenti hajapata habari," akasema. "Barua haijasomwa."

"Basi nenda umwambie."

"Ana amri ya kanali mkononi, imeandikwa. Siwezi kuivunja kwa mdomo. Nikifanya hivyo mimi, kesho kila ofisa—"

"Asa, ni hapo tu. Ukirusha jiwe linampata."

"Barua itasomwa kesho, kesho kutwa. Tutabadilishana. Yule ni kijana, ana nguvu."

Nikafungua mlango, nikatoka bila koti, nikamshika Hauck mkono. Nikamwambia Kapteni hataki namba saba, arudishe kitanda. Hauck alinitazama kwa huruma. "Fräulein," alisema, ndivyo Wajerumani wanavyomwita mwanamke asiye na mume, "mimi nataka sana. Nipe neno la afande. Neno lako siyo neno." Nikageuka. Asa alikuwa bado dirishani, na mkono wake wa vidole vitatu ulikuwa juu ya kioo. Nilimpungia atoke. Hakutoka.

Nikaenda na Lucetta hadi kibandani. Kilinuka farasi. Paa lilikuwa likidondosha matope yaliyoganda, na jiko lake ni bati lenye tundu. Tulimlaza. Alikuwa akitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta, naye akaniomba radhi kwa kelele.

Usiku huo nililala namba saba, kwenye nyumba ambayo tulikuwa tumeikataa kwa maandishi.

Januari 17

Uchungu umemshika alfajiri, zaidi ya wiki mbili kabla ya siku zake. Nimeshinda kibandani na Honora, na mchana mtoto amezaliwa, wa kike. Anaenea kwenye viganja vyangu viwili. Lucetta amempa jina la Thirza, la mama yake. Honora hakufanya mzaha hata mmoja tangu asubuhi, na hilo ndilo lililonitisha.

Januari 20

Barua imejibiwa. Mgongoni, chini ya muhtasari wa Asa, kanali ameandika: Imekubaliwa.

Asa alikuja nayo kibandani mwenyewe. Honora aliipokea, akaitazama upande huu na ule, hajui kusoma. "Inasemaje?"

"Kwamba Bibi Sayles arudi namba saba."

"Leo? Kwenye baridi hii, na damu bado inamtoka, na mtoto ninayemweka ndani ya sanduku la biskuti karibu na jiko nisimpoteze?" Akamrudishia. "Ihifadhi, Kapteni. Karatasi ni nzuri. Hata moto haijui kuwasha vizuri."

Asa alisimama pale theluji ikimwangukia mabegani. Mtu ambaye nimemwogopa kidogo maisha yangu yote alionekana mzee na mdogo. Nilitaka kumhurumia. Sikuweza.

Januari 22

Oren amerudi kutoka mtoni. Alikwenda namba saba, nikamfungulia mimi. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akamwona Asa. Akapiga saluti. Kisha akageuka kwenda kutafuta mahali mkewe alipo.

Januari 23

Thirza ananyonya kidogo.

Januari 24

Ananyonya kidogo.

Januari 25

Hanyonyi.

Januari 26

Amekufa saa tatu asubuhi, mikononi mwa mama yake. Siku tisa.

Januari 27

Hapa hakuna mbao. Miti ya mtoni ni mibichi na imejipinda. Seremala wa kombania amepita nyumba zote akiomba, na mbao nzuri kavu katika ngome nzima ni za kasha la vitabu vya Asa. Nimelimwaga mwenyewe. Nimevirundika vitabu vyake vya kanuni sakafuni.

Ubavuni kasha lina maandishi ya rangi nyeusi: KAPT. A. BRUNDAGE. Seremala alijaribu kuyakwangua, ubao ukaanza kupasuka. Akaniuliza afanyeje. Nikamwambia ageuze yawe ndani. Kwa hiyo jina letu liko ndani, limelala na mtoto yule. Nimeweka vipande vya gauni langu la hariri kati yake na maandishi.

Askari wamewasha moto juu ya ardhi kule kilimani siku nzima ili waweze kuchimba kaburi.

Februari 11

Winnie amepona kikohozi. Mungu anisamehe, nimekasirika.

Machi 2

Lucetta amekataa kubadilishana. Oren alikuja kumwambia Asa, kwa heshima zote, kwamba wanabaki walipo. Nikienda kumwona anapokea supu, ananiambia ahsante dada, kisha anatazama nje. Kibanda kina dirisha moja la ukubwa wa trei, linaloelekea kilima.

Machi 24

Meja Crowell amepewa ngome nyingine. Namba nne itabaki tupu.

Asa aliniita mezani. Amekonda. "Nimefikiri," alisema. "Kanuni inaruhusu nichague nyumba ya yeyote aliye chini yangu. Haisemi lazima iwe nzuri. Nikichagua kibanda, Sayles atakuwa ametolewa, naye atachagua. Namba nne itakuwa wazi. Hawezi kukataa, atalazimika kupanda."

Nilimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu Januari niliona uso wake una damu. Alikuwa ameikuta njia ya kuifanya sheria yake itende wema. Nami, mwenye ulimi mrefu kuliko wake, sikuona kosa. Nilisema andika.

Machi 27

Alikunja sehemu tatu. Muhtasari mgongoni. Barua ilikwenda asubuhi, mchana ikawa imerudi: Imekubaliwa.

Machi 28

Theluji inayeyuka, uwanja wote ni tope. Sajenti Hauck na askari wanne walikwenda kibandani saa nne. Nilikwenda nyuma yao na ufunguo wa namba nne mfukoni. Nilikuwa nimeosha madirisha ya kusini. Nilikuwa na furaha, naandika hivyo ili nijue mjinga ni nani.

Walipotoa kitanda, Lucetta alitoka akasimama mlangoni.

"Ni nini hiki?"

"Mnakwenda namba nne," nikasema. "Nyumbani kwako. Kapteni amechagua hapa ili ninyi mpande."

"Amechagua hapa."

"Ndiyo, mpenzi wangu. Ni kwa ajili yenu."

Hakupandisha sauti. "Dada Philena, Oktoba mlinitoa nikiwa bibi harusi. Januari mkanitoa nikiwa na mtoto tumboni. Leo mnanitoa tena. Amezaliwa humu. Amefia humu. Nikilala pale kilipokuwa kitanda naona alipo." Akaonyesha kilima kupitia kidirisha kile. "Kutoka namba nne unaona nini?"

 Naijua namba nne. Unaona uwanja wa gwaride.

Akarudi ndani, akaketi sakafuni mahali kilipokuwa kitanda. Askari wakamtazama Hauck, naye akaitazama karatasi yake. Mimi nikakimbia kwenye tope nimeshika gauni kwa mikono miwili, nikamkuta Asa namba saba, koti limefunguliwa, anakunywa kahawa kama mtu aliyelipa deni. Nikamwambia alichosema, neno kwa neno.

Nilingoja achukue kalamu. Aliiangalia. Kisha akasimama, akatoka kama alivyo, kichwa wazi, vifungo wazi, jambo ambalo askari wa Kombania D, kombania yake, hawajaliona na hawatalisahau. Alitembea hadi kibandani bila kukwepa madimbwi.

"Sajenti, rudisha kitanda."

"Afande." Hauck alishika karatasi juu. "Kuna karatasi nyingine?"

"Hakuna karatasi. Nasema mimi."

"Ndiyo, afande," akasema Hauck, akawageukia askari, nao wakakirudisha kitanda ndani. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Hakuna aliyeuliza zaidi, na ngome haikugeuka soko.

Lucetta aliinuka kuwapisha. Kitanda kilipokaa mahali pake, alikuja mlangoni akamtazama Asa, tangu nywele hadi viatu vyenye tope.  

"Kumbe ulikuwa unaweza, Kapteni," Lucetta alisema.

Akafunga mlango. Asa alibaki amesimama pale, anasugua vidole asivyokuwa navyo, mpaka nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani.